Barua ya kuvu: vielezi vya sababu vya Kiholanzi na lawama iliyomgeukia mpangaji

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu barua ya sentensi 6 ambayo mpangaji mmoja wa Rotterdam, mwenyeji wa Uvira katika Kivu Kusini, aliliandikia shirika la nyumba lililompangisha. Aliiandika kwa Kiholanzi bila msaada wa mtu, akiwa amekwisha kupitia sehemu kubwa ya masomo ya kiwango cha B1, yaani ujuzi wa kati wa lugha, na alijibiwa kwa adabu kamili jibu ambalo halikugusa kabisa jambo aliloomba. Aliponiletea barua yake pamoja na jibu alitaka nimkosolee sarufi tu. Makosa ya sarufi yalikuwapo, lakini siyo yaliyomponza.

Barua yenyewe, ambayo ninainukuu kwa ruhusa yake, ilikuwa hivi:

“Sinds oktober is de muur van de slaapkamer nat. Er is schimmel, want wij houden de deur dicht. Daarom mijn dochter is ziek. Ik kan niet schilderen, omdat het water komt van boven. U moet immers weten dat ik heb al twee keer gebeld. Namelijk ik vraag u om te komen.”

Alichokusudia, kwa maneno aliyonieleza mwenyewe, ni kwamba tangu Oktoba ukuta wa chumba cha kulala umelowa. Kwamba kuna kuvu, ndiyo maana mlango wa chumba hicho wanaufunga. Kwamba kutokana na kuvu binti yake anaumwa. Kwamba hawezi kupaka rangi kwa kuwa maji yanatoka juu. Kwamba wajue alikwisha kupiga simu mara mbili. Na kwa hiyo anawaomba waje. Shirika lilimshukuru kwa taarifa, likamshauri aache mlango wazi, apitishe hewa kila siku na asizime kipasha joto chumbani humo, kisha likalifunga shauri.

Ni rahisi kusema kwamba karani alimdharau mgeni. Mimi sioni hivyo. Karani alisoma sentensi ya pili kama ilivyoandikwa, na sentensi hiyo inasema waziwazi: kuna kuvu kwa sababu sisi tunafunga mlango. Pengine angeweza kuuliza swali moja kuhusu yale maji “yanayotoka juu”, lakini sababu alikuwa amekwisha kupewa na mlalamikaji mwenyewe.

Uzito wa sentensi hiyo hauonekani vizuri kwa mtu asiyejua jinsi migogoro ya unyevu inavyokwenda Uholanzi. Swali la kwanza huwa ni lilelile: je, unyevu unatokana na jengo, au na namna mpangaji anavyoishi ndani yake, yaani anavyopitisha hewa na kupasha nyumba joto? Kifungu cha 206 katika Kitabu cha 7 cha Sheria ya Kiraia ya Uholanzi kinamtaka mpangishaji aondoe kasoro pale mpangaji anapodai, lakini kinamwondolea wajibu huo kwa marekebisho madogo madogo na kwa kasoro ambazo mpangaji mwenyewe ndiye wa kulaumiwa kwazo. Kwa hiyo mpangaji anapoandika kuhusu kuvu ukutani, neno analolichagua kuunganisha kuvu hiyo na matendo yake mwenyewe linaweza kuamua gharama ni ya nani. Baba huyu alilichagua neno “want”, na kwa herufi nne akajitwika mzigo wa paa bovu.

Ilitokeaje? Daftari lake lilitoa jibu. Alilitunza vizuri kuliko wanafunzi wengi ninaowajua, na kwenye ukurasa wa maneno ya sababu kulikuwa na mstari uliosema: want = maana. Tafsiri hiyo si mbaya hata kidogo. “Sitakuja, maana ninaumwa” ndiyo hasa “Ik kom niet, want ik ben ziek”. Tokeo linatangulia, sababu inafuata. Tatizo ni kwamba Kiswahili kinalitumia neno hilohilo kwa mwelekeo wa kinyume mara tu linapotanguliwa na “ndiyo”, au “njo” kama wasemavyo watu wa Uvira: “Ninaumwa, njo maana sitakuja.” Hapo sababu imetangulia na tokeo limefuata. Mzungumzaji wa Kiswahili hapotei, kwa kuwa ile “njo” inamwonyesha njia bila yeye kufikiri. Sentensi ya kuvu ilimjia kichwani ikiwa na “njo maana”. Akaifuata “maana” daftarini, akaikuta “want”, na “njo” ikabaki nyuma. Kwa Kifaransa, lugha aliyosomea shuleni, asingekosea hivyo, kwa sababu “car” na “c’est pourquoi” havifanani kwa lolote.

Jambo linalonifanya nikiandike kisa hiki ni kwamba sentensi hiyo ya pili haina kosa hata moja la sarufi. “Er is schimmel, want wij houden de deur dicht”: kiima kipo mahali pake, kitenzi kipo mahali pake, tahajia ni sahihi, na programu yoyote ya kusahihisha maandishi ingeipitisha bila kuipigia mstari. Tukiiacha sentensi ya kwanza, hii ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Zile nne zilizofuata zilikuwa na makosa ya wazi, na hakuna hata moja kati yake ambayo, peke yake, ingemzuia karani kuelewa. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angezijaza sentensi nne za mwisho alama na kuiwekea hii tiki.

Sentensi ya tatu, “Daarom mijn dochter is ziek”, ina makosa mawili yasiyo na uzito sawa. Linaloonekana kwanza ni la mpangilio. Katika sentensi kuu ya Kiholanzi kitenzi kilichonyambuliwa hukaa nafasi ya pili; “daarom” ikishika nafasi ya kwanza, kitenzi lazima kiifuate mara moja na kiima kirudi nyuma yake: “Daarom is mijn dochter ziek.” Kiswahili hakitusaidii hapa, kwa sababu “kwa hiyo” haisogezi chochote, tunasema “binti yangu anaumwa” na “kwa hiyo binti yangu anaumwa”, na maneno yanabaki katika mpangilio wake. Kifaransa nacho hakisogezi kiima baada ya “c’est pourquoi”. Lakini tazama sentensi yake ya kwanza: “Sinds oktober is de muur nat.” Kitenzi kimegeuzwa sawasawa. Kanuni anayo, aliizoea pamoja na maneno ya wakati, ambayo masomo huanza nayo na kuyarudia hadi ulimi unazoea, ila hakuwahi kuambiwa kwa mkazo kwamba “daarom”, “daardoor” na wenzao wanafuata kanuni ileile kwa sababu nao ni vielezi. “Want” si kielezi bali ni kiunganishi, hukaa nje ya hesabu ya nafasi, ndiyo maana haigeuzi kitu. “Omdat” ni kiunganishi cha aina nyingine, kinachosukuma kitenzi hadi mwisho wa kishazi. Kwa hiyo sentensi yake ya nne ilitakiwa iwe “omdat het water van boven komt”.

Kosa la pili la sentensi ya tatu ndilo zito. “Daarom” inataja hoja ya mtu: kwa hili, mtu ameamua lile. “Daardoor” inataja chanzo kisichopitia uamuzi wa mtu: hili limetukia, na lile likatokea. Hakuna anayeamua kuumwa, kwa hiyo mtoto anaumwa “daardoor”. Peke yake kosa hilo ni dogo, na Mholanzi yeyote angeelewa. Lakini lilikuja mara tu baada ya “want wij houden de deur dicht”, na kwa kuwa “daarom” inabeba harufu ya uamuzi wa mtu, msomaji aliirudisha kwenye uamuzi pekee uliotajwa barua nzima, yaani kufunga mlango. Mlolongo ukasomeka hivi: wanafunga mlango, kuvu ikaota, mtoto akaugua. Barua ya malalamiko ikawa barua ya kukiri.

Kiswahili hakitulazimishi kutenganisha mambo haya mawili, kwani “kwa sababu” inafaa kwa paa linalovuja na kwa mtu anayeamua kuhama chumba. Kiholanzi kina jozi mbili: “omdat” na “daarom” upande wa hoja, “doordat” na “daardoor” upande wa chanzo. Mfano ulio karibu na kisa chetu ni huu: “Doordat het dak lekt, is de muur nat”, kisha “Omdat de muur nat is, slapen wij in de woonkamer.” Paa halikuamua kuulowesha ukuta, sisi tuliamua kulala sebuleni. Washauri wa lugha wa Kiholanzi siku hizi wanaruhusu “omdat” itumike pande zote mbili, lakini “doordat” hawairuhusu itumike kwa hoja. Kwa hiyo mwanafunzi akiwa na shaka kati ya viunganishi hivyo viwili, “omdat” ndiyo salama. Swali nililompa lilikuwa moja tu: nani aliamua? Akimpata mtu, “daarom”, asipompata, “daardoor”. Alilipenda, na akaanza kuiuliza kila sentensi ya gazeti la bure la mtaani kwake, jambo ambalo watoto wake waliliona ni kichekesho.

Wenyewe Waholanzi, nitaje hapa kwa kupita, wana matumizi ya “daarom” yasiyo na hoja hata chembe. Mtoto akiuliza “Waarom?” mara ya tatu, mzazi aliyechoka hujibu “Daarom!”, na mazungumzo yanaishia hapo, kama mama wa Kiswahili anavyosema “Basi tu.”

Sentensi mbili za mwisho zinahusu “immers” na “namelijk”, na hapa ndipo wanafunzi hata wa kiwango cha juu huteleza, kwa sababu kamusi huyatafsiri maneno yote mawili karibu kwa neno moja. Yote mawili hueleza sababu ya lililotangulia. Tofauti yake iko kwa msomaji. “Namelijk” inampa msomaji sababu asiyoijua bado; “immers” inamkumbusha sababu anayoijua au anayopaswa kuikubali. Nikimwambia jirani “Ik kom niet, ik ben namelijk ziek”, ninamjulisha habari mpya. Nikimwambia “Ik kom niet, ik ben immers ziek”, ninamaanisha kwamba unajua naumwa, ulitegemea nini? Baba huyu alitaka kulijulisha shirika kuhusu simu zake, na kwa “U moet immers weten” akaandika kitu kilichosikika kama karipio. Simu zake mbili zilikuwa ushahidi mzuri, lakini sentensi iliwafanya waonekane wamekaripiwa kabla hawajaelezwa. Mpangilio nao ulikuwa na kosa, kwani baada ya “dat” ilitakiwa “ik al twee keer heb gebeld”, ila hilo ni suala dogo.

“Namelijk ik vraag u om te komen” ina kasoro mbili za matumizi. Kwanza, “namelijk” haifungui sentensi kuu. Hukaa baada ya kitenzi. Pili, ombi la kuja si sababu ya yaliyotangulia bali ni hitimisho lake, na kwa hitimisho neno linalofaa ni “daarom”. Nilipomuuliza kwa nini aliliweka hapo, alisema alilisikia mara nyingi kwa wafanyakazi wenzake na lilikuwa na sauti ya heshima. Sababu hiyo ninaiheshimu. Maneno mengi ya lugha ya ugenini tunayachukua kwa sauti kabla ya maana. Nyongeza moja ya matumizi: “want” na “namelijk” haziandikwi pamoja katika kishazi kimoja, kwa kuwa kila moja inafanya kazi ya mwenzake, ingawa mtaani utaisikia michanganyiko hiyo kila siku.

Nina mashaka na namna mambo haya yanavyofundishwa. Sarufi kubwa ya Kiholanzi, Algemene Nederlandse Spraakkunst, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984, inaviita vielezi hivi vielezi vyenye kazi ya kiunganishi, na jina hilo linaonyesha wazi kwamba vina sura mbili: mahali vinapokaa, na uhusiano vinaoujenga. Darasani sura ya kwanza hupewa karibu muda wote kwa sababu inaonekana na ni rahisi kuisahihisha. Lakini kiwango cha B1, ambacho sheria ya Uholanzi ya mwaka 2021 kuhusu kuwaingiza wageni katika jamii imekifanya kiwango cha kawaida tangu Januari 2022, kinaelezwa katika mwongozo wa Baraza la Ulaya kwa maneno yanayogusa sura ya pili moja kwa moja: mtu wa B1 anaweza kutoa kwa ufupi sababu na maelezo ya maoni na mipango yake. Mtu anayegeuza kitenzi vizuri huku akigeuza na sababu hajafika hapo.

Tuliiandika barua upya pamoja, yeye akiwa na kalamu:

“Sinds oktober lekt het dak boven onze slaapkamer. Daardoor is de muur nat en is er schimmel ontstaan. Wij houden de deur van die kamer daarom dicht. Mijn dochter slaapt nu in de woonkamer. Zij heeft namelijk last van haar longen. Ik heb hierover al twee keer gebeld, maar er is nog niemand geweest. Ik verzoek u daarom het dak te laten repareren. Het onderhoud van het dak is immers uw taak.”

Yaani: tangu Oktoba paa juu ya chumba chetu cha kulala linavuja. Kutokana na hilo ukuta umelowa na kuvu imeota. Kwa hiyo mlango wa chumba hicho tunaufunga. Binti yangu sasa analala sebuleni, kwani anasumbuliwa na mapafu. Nimekwisha kupiga simu mara mbili kuhusu jambo hili, lakini bado hakuna aliyekuja. Kwa hiyo ninawaomba mlitengeneze paa. Kulitunza paa, kama mjuavyo, ni kazi yenu.

Badiliko kubwa kuliko yote halimo katika kielezi chochote: barua sasa inaanza na paa. Awali maji ya juu yalitajwa katika sentensi ya nne, tena kama kisingizio cha kutopaka rangi, baada ya mlango kukwisha kubeba lawama. Kisha “daardoor” inaufuata mvujo wa paa na kuzaa ukuta uliolowa na kuvu bila mkono wa mtu yeyote. Kufunga mlango kunakuja baada ya kuvu na kwa “daarom”, kwa hiyo hakuwezi tena kusomwa kama chanzo. “Namelijk” inampa karani habari asiyokuwa nayo, yaani kwamba mtoto anasumbuliwa na mapafu. “Immers” imehifadhiwa hadi sentensi ya mwisho, mahali pekee ambapo kukumbusha kunafaa, kwa sababu wajibu wa kutunza paa shirika linaujua na haliwezi kuukana.

Katika barua hiyo “daarom” imewekwa mara mbili katikati ya sentensi, na hakuna sentensi hata moja iliyofunguliwa nayo. Hilo lilikuwa la makusudi. Kielezi kikikaa baada ya kitenzi, kiima kinabaki mwanzoni, mpangilio unafanana na ule ambao ulimi wa Mswahili unautarajia, na kosa la kugeuza halina pa kuingilia. Isitoshe, “Ik verzoek u daarom” ndiyo sauti hasa ya barua rasmi za Kiholanzi. Mwanafunzi anayesumbuliwa na ugeuzaji anaweza kuandika hivi kwa miezi mingi bila mtu kugundua kwamba anakwepa kitu. “Dus”, yaani “kwa hiyo”, inamsitiri vivyo hivyo, kwa kuwa inakubali mipangilio yote miwili: “dus ik kom niet” na “dus kom ik niet” zote ni sahihi. “Derhalve”, yenye maana hiyohiyo, nilimwomba aisahau, kwani ni ya mawakili na wazee. Na “bijgevolg”, yenye maana hiyo pia, ambayo atakutana nayo zaidi kwa Wabelgiji wa Flanders, haina kazi katika barua ya mpangaji wa Rotterdam.

Nilimwambia pia ahifadhi nakala na tarehe ya barua. Mpangaji aliyeripoti kasoro kwa maandishi na asirekebishiwe kwa wiki 6 anaweza kupeleka shauri kwenye Huurcommissie, chombo cha umma kinachoamua migogoro ya kodi ya nyumba, na huko barua huwa ndiyo ushahidi wa kwanza kusomwa. Singependa kuona ile ya kwanza ikisomwa huko bila ya pili.

Haikufika huko. Shirika lilijibu kwa kupendekeza fundi aje kukagua paa siku ya Jumanne asubuhi, na safari hii baba wa Uvira alijibu peke yake, bila kunionyesha kabla ya kutuma: “Dinsdag kan ik helaas niet. Ik moet dan namelijk werken. Daarom ik stel woensdag voor.” Yaani Jumanne hawezi kwa kuwa ana kazi, kwa hiyo anapendekeza Jumatano. “Namelijk” imekaa baada ya kitenzi na imetoa sababu ambayo shirika halikuijua. “Daarom” imechaguliwa sawasawa, maana yeye ndiye aliyeamua kupendekeza siku nyingine, ila baada yake ilitakiwa “stel ik”. Fundi alifika Jumatano.